Kupokea na Kurudisha: Historia ya Transponda Ndogo za Setilaiti za Redio ya Ridhaa

Neno transponda halikuzaliwa kwa njia ya kawaida ya maneno, bali liliundwa na mafundi kwa kuunganisha vipande vya maneno mawili ya Kiingereza, moja lenye maana ya chombo kipelekacho habari na jingine lenye maana ya chombo kijibucho. Liliingia katika matumizi wakati wa Vita Kuu ya Pili, ambapo ndege zilitiwa chombo kilichopokea mawimbi ya rada na kuyajibu, ili walio chini watambue kama ndege ile ni ya rafiki au ya adui. Baada ya vita maana yake ikapanuka, na katika setilaiti likawa jina la chombo kipokeacho mawimbi ya redio kutoka duniani kwa masafa fulani, kikayaongeza nguvu, kikayarudisha duniani kwa masafa mengine. Kiswahili hakina neno moja la asili kwa chombo hiki. Walakini kazi yake si ngeni kwa watu wa lugha, maana ni kazi ya mkalimani asimamaye mahali pa juu, asikiaye kwa lugha moja na kusema kwa nyingine, bila kuongeza wala kupunguza.

Yafaa pia kueleza maneno mengine mawili. Masafa, ambalo asili yake ni umbali, limetumika hapa kwa maana ya idadi ya mitikisiko ya wimbi kwa sekunde, kama litumikavyo siku hizi katika utangazaji. Kilohezi moja ni mitikisiko elfu moja, na megahezi moja ni milioni moja. Ridhaa ni neno ambalo Kiswahili cha michezo kimelitumia kwa muda mrefu kwa mtu achezaye kwa mapenzi yake, si kwa malipo. Ndivyo walivyo mafundi wa redio wanaozungumziwa katika makala haya. Kila mmoja wao hupewa leseni na serikali yake baada ya kufanya mtihani, na hupewa jina la herufi na tarakimu la kujitambulisha hewani, lakini haruhusiwi kuchukua hata senti moja kwa mazungumzo yake. Katika mkutano wa dunia juu ya mawasiliano ya anga uliofanyika Geneva mwaka 1971, huduma ya setilaiti za ridhaa iliandikwa rasmi katika sheria za kimataifa za redio, na makusudi yake yakatajwa kuwa ni kujifunza, kuzungumziana, na kuchunguza mambo ya ufundi, pasipo tamaa ya fedha.

Historia ya transponda ndogo za watu hawa yaweza kusomwa kama orodha ya vyombo vilivyorushwa na vilivyoanguka. Kusoma hivyo kungeficha jambo lililo kubwa zaidi. Tangu mwanzo swali lilikuwa moja: kama umeme ulioko juu ni mchache mno, na watu wanaoutaka ni wengi, ugawanywe kwa njia gani?

Mwaka 1957 Warusi waliporusha setilaiti ya kwanza, mafundi wa ridhaa wa nchi nyingi waliisikia kwa vyombo vyao vya nyumbani. Haikupita miaka miwili kabla Mmarekani mmoja, Don Stoner, hajaandika katika jarida la mafundi wenzake kuwa na wao wangeweza kutengeneza setilaiti yao, mradi apatikane mtu mwenye nafasi katika roketi. Lililoandikwa nusu kwa mzaha likachukuliwa kwa dhati na kikundi cha mafundi wa California. Kila roketi ya wakati ule ilipakiwa vipande vya chuma vya kusawazisha uzito. Mafundi wakaomba kipande kimoja cha chuma kiondolewe, na mahali pake pawekwe kisanduku chao. Ombi likakubaliwa. Tarehe 12 Desemba 1961, siku tatu baada ya Tanganyika kupata uhuru wake, OSCAR 1 ilirushwa kutoka Vandenberg, ikisafiri na setilaiti ya Jeshi la Anga la Marekani iliyoitwa Discoverer 36. Herufi za jina lake zina maana ya setilaiti izungukayo ikibeba redio ya ridhaa.

OSCAR 1 ilikuwa na uzito wa kilo nne na nusu hivi, na nguvu ya redio yake haikufikia hata sehemu moja ya tano ya wati. Haikuwa na transponda. Kazi yake yote ilikuwa kutamka alama za Morse za herufi mbili, H na I, ambazo kwa mafundi wa redio ni kicheko na tena ni salamu. Lakini hata katika salamu hiyo palikuwa na akili. Mwendo wa kutamka ulibadilika kwa kufuata joto la ndani ya chombo, kwa hiyo mtu mwenye saa mkononi aliweza kuhesabu salamu na kujua joto lililoko angani. Betri zilidumu wiki tatu. Zaidi ya watu 570 wa nchi 28 walipeleka taarifa za waliyoyasikia. Hivyo chombo kidogo kisicho na umeme wa kutosha kuwasha taa ya chumba kilikuwa kimewaunganisha wasikilizaji wa dunia nzima. Kilichobaki ni kuwapa njia ya kujibu.

Njia hiyo ilipatikana tarehe 9 Machi 1965, iliporushwa OSCAR 3. Ndani yake mlikuwa na transponda iliyopokea upana wa kilohezi 50 karibu na megahezi 144, na kuurudisha wote kwa pamoja karibu na megahezi 146, kwa nguvu ipatayo wati moja. Ilifanya kazi kwa zaidi ya wiki mbili. Katika muda huo mafundi wa ridhaa wapatao elfu moja, kutoka nchi zaidi ya 20, waliitumia. Yafaa ikumbukwe kwamba setilaiti za mawasiliano za serikali na makampuni makubwa zilikuwa bado chache, na nyingi ya hizo zilihitaji mitambo ya chini yenye ukubwa wa jengo. Desemba mwaka ule ule OSCAR 4 ilikusudiwa kupandishwa juu sana, lakini roketi haikuifikisha mahali pake. Hata katika njia ile mbaya iliwezesha mazungumzo ya kwanza ya moja kwa moja kwa setilaiti kati ya mtu wa Marekani na mtu wa Urusi.

Mnamo Machi 1969 ilianzishwa mjini Washington jumuiya iitwayo AMSAT, kusudi kazi hii isiwe tena ya kikundi kimoja cha California. Setilaiti yake ya kwanza haikutengenezwa Marekani kabisa, bali iliundwa na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Melbourne huko Australia. Australis-OSCAR 5, iliyorushwa tarehe 23 Januari 1970, nayo haikuwa na transponda, ila ilikuwa setilaiti ya kwanza ya ridhaa iliyoweza kuamriwa kutoka chini iwake au izime. Eriali zake zilikatwa katika utepe wa chuma wa kupimia, kama ule utumiwao na maseremala. Utepe huo hukunjwa ndani ya roketi, na ukiachiwa hunyooka wenyewe bila ya mashine. Hila hiyo ya wanafunzi haikusahauliwa. Eriali za setilaiti ndogo ziliendelea kutengenezwa kwa utepe wa namna hiyo miaka 40 na zaidi baadaye.

Mpaka hapo adui mkubwa alikuwa betri. Chombo kilipomaliza umeme wake kilikufa, na kazi ya miaka ikaisha kwa majuma. OSCAR 6, iliyorushwa tarehe 15 Oktoba 1972 ikiwa abiria wa setilaiti ya hali ya hewa, ilivishwa vipande vigeuzavyo mwanga wa jua kuwa umeme, na betri zake zikajazwa tena kila ilipotoka gizani. Transponda yake ilipokea upana wa kilohezi 100 katika megahezi 145.9 na kuurudisha katika megahezi 29.5, masafa ambayo redio nyingi za kawaida za mafundi ziliweza kuyapokea. Ilidumu miaka minne na nusu. Watumiaji walitakiwa kujizuia, na siku za kuitumia zikapangwa ili betri zipumzike. Na hapa panaonekana kwa mara ya kwanza desturi iliyokuja kuwa sheria isiyoandikwa ya jamii hii, kwamba umeme wa angani ni mali ya wote, na anayejichukulia mwingi amewanyima wenzake.

Faida ya OSCAR 6 haikuishia kwa mafundi wenyewe. Watafiti wa Kanada waliitumia kupima kama chombo kidogo chenye kutoa mlio wa hatari chaweza kupatikana mahali kilipo kwa kuangalia jinsi masafa yake yanavyobadilika wakati setilaiti ikipita juu. Majaribio hayo yalikuwa miongoni mwa misingi ya mpango wa kimataifa wa kutafuta waliopatwa na ajali baharini na angani, ambao setilaiti yake ya kwanza ilirushwa na Warusi mwaka 1982. Septemba ya mwaka huo huo watu watatu walioangukiwa na ndege yao ndogo katika milima ya magharibi ya Kanada waliokolewa kwa msaada wake. Hapana shaka kuwa wangepatikana kwa shida sana bila ya njia hiyo.

Kabla ya kuendelea yapasa kueleza jinsi transponda ya namna hii inavyofanya kazi, maana ugumu wake wote wa historia umo humo. Ziko namna mbili. Ya kwanza hupokea sauti ya mtu mmoja tu kwa wakati mmoja na kuirudisha. Wawili wakisema pamoja, mwenye nguvu humziba mwenzake. Ya pili, iitwayo transponda ya mstari, haichagui sauti. Huchukua kipande kizima cha masafa na yote yaliyomo, sauti za watu 10 au 20, nene na nyembamba, na kukihamisha chote kama kilivyo. Ni kama kuhamisha rafu nzima ya vitabu bila kukichomoa hata kimoja. Namna hii ya pili ndiyo iliyopendwa tangu OSCAR 3, kwa kuwa hugawa chombo kimoja kwa wengi. Lakini ina gharama. Ili isizipotoe sauti, kikuzaji chake hakina budi kufuata kila kupanda na kushuka kwa wimbi, na kikuzaji cha namna hiyo hupoteza sehemu kubwa ya umeme kuwa joto tupu. Katika setilaiti ndogo hasara hiyo ni msiba.

Dawa ilitoka Ujerumani. Karl Meinzer alibuni njia ya kuligawa wimbi katika sehemu mbili: ukubwa wake upande mmoja, na mtikisiko wake upande mwingine. Mtikisiko hukuzwa na kikuzaji kisichopoteza umeme mwingi, kisha ukubwa hurudishwa mwishoni kwa kuongeza na kupunguza umeme unaokilisha kikuzaji kile. Transponda ya namna hiyo ilitiwa katika OSCAR 7, iliyorushwa tarehe 15 Novemba 1974 ikiwa na uzito wa kilo 29 hivi. Setilaiti hiyo ilikuwa na transponda mbili: moja ya mtindo wa OSCAR 6, na hii ya Wajerumani, iliyopokea katika megahezi 432 na kurudisha katika megahezi 145.9.

Transponda hiyo ya pili ilikuwa na hila nyingine, nayo ni kugeuza. Masafa ya juu ya kipande kilichopokelewa yalirudishwa yakiwa ya chini, na ya chini yakawa ya juu, kama sura katika kioo. Sababu yake ni hii. Chombo kikija kwa kasi, masafa yake husikika yamepanda, na kikienda zake husikika yameshuka, kama mlio wa gari lipitalo barabarani. Kwa setilaiti ya mzingo kama ule, mabadiliko hayo hufika kama kilohezi 8 katika megahezi 432, na chini kidogo ya kilohezi 3 katika megahezi 145.9. Kama masafa hayageuzwi, makosa haya mawili hujumlishwa na kuwa kama 11. Yakigeuzwa, moja hutolewa katika jingine na kubaki 5 au 6. Kwa hila ya mpangilio tu, pasipo kuongeza kifaa chochote cha thamani, kazi ya msikilizaji ikapunguzwa kwa nusu.

OSCAR 7 ilifanya kazi mpaka mwaka 1981, betri zake zilipoharibika na kuufanya umeme wote upite njia ya mkato. Ikahesabiwa kuwa imekufa. Miaka 21 ikapita. Tarehe 21 Juni 2002 fundi mmoja wa Uingereza, Pat Gowen, alisikia alama za Morse mahali ambapo hapakutazamiwa sauti, na baada ya kupima akatambua kuwa ni OSCAR 7. Betri zilizokuwa zimefunga njia ya umeme zilikuwa zimeharibika zaidi hata zikaifungua, na sasa chombo kilikula mwanga wa jua moja kwa moja. Kila kiingiapo kivulini mwa dunia hufa, na kila kitokapo hufufuka. Transponda zile ziliendelea kutumika hata baada ya mwaka 2020. Chombo kilichotengenezwa na watu wa ridhaa kilikuwa kimepita umri wa setilaiti nyingi za gharama kubwa zilizorushwa wakati wake, na kilifanya hivyo kwa sababu kulikuwa na vitu vichache ndani yake vya kuharibika.

Wakati huo huo wengi wa mafundi walikuwa wamevutwa na mambo makubwa. Setilaiti ya mzingo wa chini huonekana kwa dakika 10 au 20 tu, kisha hutua. Wakatamani setilaiti zipandazo juu sana, ambazo zingeonekana kwa saa nyingi na kuunganisha mabara. Ya kwanza ya namna hiyo ilianguka baharini pamoja na roketi yake ya Ariane tarehe 23 Mei 1980. Zilizofuata, mwaka 1983 na mwaka 1988, zilifanikiwa na kupendwa sana. Kisha ikajengwa AO-40, chombo chenye uzito wa zaidi ya kilo 600, kilichochangiwa na mafundi wa nchi nyingi kwa miaka. Ilirushwa Novemba 2000. Katika Desemba mwaka ule ule ilipatwa na ajali kubwa wakati wa kazi za mota yake, baadhi ya vifaa vikanyamaza, na mwanzo wa mwaka 2004 ikanyamaza yote. Matumaini na michango ya watu wengi vilikuwa vimewekwa katika kapu moja. Tangu siku zile haikutengenezwa tena setilaiti ya ridhaa yenye ukubwa ule.

Upande wa pili wa shauri, yaani upande wa udogo, ulikuwa umeanza zamani kidogo. Tarehe 22 Januari 1990 roketi moja ya Ariane ilipandisha setilaiti nne za AMSAT zenye umbo la mchemraba wa sentimita 23, kila moja kilo 10 hivi. Moja kati yake ilikuwa ya Waargentina. Zikafuata setilaiti za transponda ya namna ya kwanza, ile ya mtu mmoja kwa wakati mmoja, ambayo ni rahisi kutengeneza na yaweza kutumiwa hata kwa redio ya mkononi. Afrika nayo iliingia katika habari hii tarehe 23 Februari 1999, iliporushwa SUNSAT, iliyoundwa katika Chuo Kikuu cha Stellenbosch, Afrika ya Kusini, ikiwa na vifaa vya redio ya ridhaa ndani yake. Desemba 2002 ikarushwa SO-50, iliyotengenezwa Saudi Arabia, yenye redio ya robo ya wati tu. Vijana walijifunza kusimama uwanjani na eriali ya mkononi, ambayo aghalabu nayo imetengenezwa kwa utepe wa seremala, wakaifuata setilaiti mbinguni kwa mkono. Lakini furaha hiyo ilikuwa na kasoro yake: katika dakika 10 watu 50 hugombea nafasi ya mmoja, na mwenye nguvu nyingi ndiye asikikaye.

Mwaka 1999 walimu wawili wa vyuo vikuu vya California, Jordi Puig-Suari na Bob Twiggs, walipendekeza kipimo cha setilaiti za wanafunzi: mchemraba wa sentimita 10 kila upande, uzito kilo moja. Za kwanza zilirushwa kutoka Plesetsk, Urusi, tarehe 30 Juni 2003. Jina lake, CubeSat, likaenea upesi, na vyuo vya kila bara vikaanza kutengeneza. Nyingi zilitumia masafa ya ridhaa, kwa kuwa yalipatikana bila malipo. Hapo ndipo ulipozuka ugomvi ambao haukuwa wa ufundi bali wa haki. Mafundi wa ridhaa waliuliza: kama chuo kinatumia masafa yetu kuteremsha hesabu zake chenyewe, kisha hakitoi chochote ambacho wengine waweza kukitumia, kinatofautianaje na mgeni anayelala nyumbani kwa watu, asubuhi akaondoka hata bila kuaga? Vyuo navyo vilijibu kwamba kujifunza kumetajwa katika sheria yenyewe. Pande zote mbili zilikuwa na neno la kweli.

Jibu lililo bora halikutolewa kwa hoja bali kwa chombo. Aprili 2008 chuo cha ufundi cha Delft, Uholanzi, kilirusha Delfi-C3, yenye michemraba mitatu iliyopangwa pamoja, ambayo juu ya majaribio yake ilibeba transponda ya mstari. Kisha AMSAT ya Uingereza na ya Uholanzi zikashirikiana katika FUNcube-1, iliyorushwa kutoka Yasny, Urusi, tarehe 21 Novemba 2013. Hii ilikuwa na mchemraba mmoja tu, uzito chini ya kilo moja. Na ndani yake mliingizwa transponda ya mstari yenye kugeuza, ikipokea upana wa kilohezi 20 kuanzia megahezi 435.13 hadi 435.15, na kuurudisha kati ya megahezi 145.95 na 145.97, kwa nguvu isiyofikia wati moja.

Ugumu wa kazi ile waweza kupimwa kwa mambo matatu. Kwanza, mchemraba wa sentimita 10 hupata jua la kutoa umeme wa wati chache tu, na huo ni wakati umo mwangani. Pili, eriali ya masafa ya megahezi 145 yahitaji urefu wa nusu mita, yaani mara tano ya upana wa chombo chenyewe. Hapo utepe ukahitajiwa tena. Tatu, mdomo na sikio vimo katika kisanduku kimoja. Masafa ya 145.96 yakizidishwa mara tatu huwa 437.88, karibu sana na masafa ya kupokelea. Kwa hiyo unong'ono wowote wa ziada wa mdomo ungeweza kulitia sikio uziwi. Katika chombo cha kilo 29 vifaa viliweza kutengwa. Katika chombo cha kilo moja hapakuwa na mahali pa kutenga, ila kuchuja kwa uangalifu na kupanga bodi moja juu ya nyingine kama vitabu.

Lakini hekima yake kubwa ilikuwa katika mgawo wa saa. Chombo kikiwa mwangani, umeme wake mwingi hutumiwa kuteremsha taarifa za joto na umeme wake kwa shule, ambako watoto huweza kuzipokea kwa kifaa kidogo cha kuchomekwa katika kompyuta. Kikiingia kivulini, taarifa hupunguzwa sauti na transponda hufunguliwa kwa mafundi. Mchana ni wa wanafunzi, usiku ni wa wazungumzaji. Swali la mwaka 1965, la kuugawa umeme mchache kwa watu wengi, likapata jibu jipya. Na ule ugomvi wa haki ukaonyeshwa kuwa haukuwa na sababu ya kudumu.

Tena muundo uleule haukufungiwa kabatini. Chombo cha FUNcube kilibebwa katika setilaiti nyingine kadhaa, miongoni mwake Nayif-1 ya Falme za Kiarabu, iliyorushwa tarehe 15 Februari 2017 katika roketi ya Kihindi iliyobeba setilaiti 104, na JY1SAT ya Yordani, iliyorushwa tarehe 3 Desemba 2018. Hiyo ya Yordani ilipewa jina la kujitambulisha hewani la marehemu Mfalme Hussein, aliyekuwa mwenyewe fundi wa ridhaa. Ndivyo transponda iliyopimwa mara moja ilivyokuwa rahisi kwa wafuatao. Gharama ya chombo cha kwanza ni gharama ya kufikiri. Vya baadaye huhitaji zaidi gharama ya vitu.

Siku 18 kabla ya JY1SAT, tarehe 15 Novemba 2018, miaka 44 kamili tangu kurushwa OSCAR 7, ilipandishwa setilaiti ya utangazaji ya Qatar iitwayo Es'hail-2. Ndani yake, kwa juhudi za mafundi wa Qatar na wa Ujerumani, ziliwekwa transponda mbili za ridhaa, nazo zikaitwa QO-100. Hii si setilaiti ndogo, wala haikuwa rahisi. Lakini kwa kuwa husimama mahali pamoja juu ya ikweta, karibu na nyuzi 26 mashariki, udogo na urahisi umehamia upande wa chini. Afrika nzima yaiona. Kwa mtu wa Dar es Salaam iko zaidi ya nyuzi 70 juu ya upeo, karibu na utosi, na sahani kama ile ya televisheni pamoja na kipokezi chake yatosha kuisikia. Sauti huenda na kurudi kwa robo ya sekunde. Sheria yake ya adabu ni fupi: mtu yeyote asisikike kwa nguvu kuliko alama ya setilaiti yenyewe. Anayezidisha hupigiwa king'ora juu ya masafa yake, naye hujua kuwa anakula fungu la wenzake.

Kwa jumla, historia hii haikwendi kwa mstari mmoja kutoka kwa vidogo hadi vikubwa, kama historia za mashine zinavyopenda kusimuliwa. Ilianza kwa udogo wa lazima, ikapitia ukubwa wa tamaa uliokwisha kwa msiba, ikarudi kwa udogo wa hiari. Katika udogo huo wa pili mafundi walijua walichokuwa wakikifanya. Chombo cha bei ndogo hakikuwa bora kwa sababu ya bei, bali kwa sababu kikianguka huweza kutengenezwa kingine, na kwa sababu kijana wa chuo, mahali popote, huweza kukielewa chote tangu mwanzo hadi mwisho.

Kiswahili, ambacho wazee wake waliiita redio ya kupelekeana habari simu ya upepo kabla ya kukopa jina jingine, hakikosi uwezo wa kuzungumza juu ya mambo haya. Huenda neno transponda likabaki kama lilivyo, kama vile redio na setilaiti zilivyobaki. Huenda pia siku moja likapatikana jina lililoundwa kutokana na vitenzi viwili ambavyo vimeieleza kazi yake hapa tangu mwanzo, kupokea na kurudisha. Mafundi hawatalingoja. Lakini mwalimu atakayemweleza mwanafunzi wa pwani ni nini kilichoko juu ya utosi wake, hataweza kuanza bila ya kulitafuta.